UZI: Kijana ana miaka 16 na kitambulisho cha taifa mkononi. Je, Uganda anaruhusiwa kuendesha boda?

Mwalimu wa Uwanjani (Busia)

Habari zenu ndugu zangu. Mimi ni mwendesha boda wa Busia, upande wa Uganda. Nimekula mkate wa pikipiki zaidi ya miaka 20, na siku za Jumapili nafundisha vijana kuendesha kwenye uwanja wa mpira wa shule. Nafungua uzi huu kwa sababu ya jambo lililotokea stejini kwetu, yaani kituo chetu cha boda, na naona heri niliandike lote hapa ili mzazi aliye Arua, Bombo au Mutukula naye alisome.

Asubuhi moja alikuja kijana na pikipiki mpya aina ya Boxer, kiti bado kina nailoni ya dukani. Mjomba wake ameichukua kwa mkopo. Kijana akaomba kuandikishwa stejini. Mwenyekiti akamwuliza umri. Hakutamka neno, alitoa kitambulisho cha taifa akakiweka juu ya tangi la mafuta. Nikasoma mwaka wa kuzaliwa, nikapiga hesabu: miaka 16 na miezi.

Wenzangu wengi walisema ana kitambulisho, basi ni mtu mzima, apewe rifleki (fulana ya kung'aa) aingie foleni. Mimi nilikataa, na siku hiyo tulizozana hadi abiria wakahamia steji ya ng'ambo ya barabara.

Nataka nieleze kwa nini nilikataa.

Kwanza, kile kitambulisho. NIRA, mamlaka ya taifa ya usajili na vitambulisho, humpa raia kadi akifika miaka 16. Kadi inasema wewe ni nani, umezaliwa lini, wazazi wako ni nani. Haisemi kwamba unaweza kushika usukani. Umri wa kuendesha chombo chenye injini katika barabara ya Uganda ni miaka 18, iwe ni pikipiki, iwe ni gari dogo. Hiyo imo katika Sheria ya Trafiki na Usalama Barabarani ya 1998, ambayo ilirekebishwa mwaka 2020. Kwa malori makubwa na mabasi ya abiria umri unaotakiwa ni mkubwa zaidi. Kati ya 16 na 18 kuna miaka miwili ambayo kijana ana kadi mfukoni lakini barabara bado haijawa yake, na ni katika miaka hiyo miwili ndipo tunawapoteza wengi.

Pili, na hili ndilo linaloniumiza zaidi, hata akifika 18 hapaswi kuamka asubuhi akapakia abiria. Anatakiwa kwanza awe mwanafunzi. Anachukua permiti ya kujifunza, anafunga kibao cha L mbele na nyuma, anafundishwa na mtu mwenye permiti kamili, na hapakii abiria wa kulipa. Kisha anapimwa na mkaguzi wa magari wa polisi, na akifaulu ndipo anapata permiti ya daraja A, ambayo ni ya pikipiki. Niambieni ukweli: ni wangapi kati yetu tuliopita njia hiyo? Stejini kwetu, kwa wengi, siku ya kwanza ya kushika pikipiki na siku ya kwanza ya kubeba abiria zimeachana kwa juma moja tu. Wengine ni siku ileile.

Najua mazoea haya yametoka wapi, kwa sababu yametoka hapa kwetu. Neno boda boda lilizaliwa mpakani Busia. Katika miaka ya 1960 na 1970 watu walivushwa na baiskeli kutoka forodha moja hadi nyingine, na waendeshaji wakiita abiria kwa neno la Kiingereza la mpaka, "border". Marehemu baba yangu alikuwa mmoja wao. Baiskeli haitaki permiti. Mtoto wa miaka 13 mwenye miguu imara alibeba chumvi, sabuni, hata mama mjamzito, na akianguka alijikung'uta vumbi akaendelea. Pikipiki zilipoingia kwa wingi miaka ya 1990, sisi tulibadilisha chombo tu. Desturi ya kumkabidhi mtoto aliyerefuka ilibaki vilevile. Lakini baiskeli ina kilo 20 na inakwenda kwa nguvu za miguu ya huyo mtoto. Boxer ina zaidi ya kilo 100, na mwendo wake hauulizi kama mtoto amekula.

Mimi nilianza nikiwa na miaka 15, kwenye pikipiki ya kaka yangu. Jioni moja nilimpakia mama muuza dagaa aliyekuwa akirudi nyumbani na beseni lake. Tulikuwa kwenye barabara ya marramu, kwenye kona, mbuzi akakatiza. Nilibana breki ya mbele peke yake, kwa nguvu zangu zote, gurudumu likiwa limekunjwa. Kila mwendeshaji anayesoma hapa anajua kilichofuata. Mimi nilichubuka magoti. Yule mama alivunjika mfupa wa bega. Kaka aliuza mbuzi wawili kulipia matibabu. Mama alipona, lakini beseni hakulibeba tena kichwani. Hadi leo binti yake ndiye humbebea. Yule mama ananisalimu vizuri kila tukikutana, na kila mara nageuza macho.

Hakuna aliyekuwa amenieleza breki ya mbele inafanya nini kwenye changarawe wakati umekata kona. Sentensi moja tu. Ningeambiwa uwanjani, bega la mama wa watu lingekuwa zima.

Naomba tuzungumze. Wazazi, waendeshaji, wenye pikipiki, wote karibuni.

Mama Rukia (Arua)

Asante mwalimu, nimesoma hadi mwisho na nimemwonea huruma yule mama. Mimi nina mtoto wa miaka 17, amemaliza S4 (kidato cha nne) na yuko nyumbani anangoja majibu. Baba yake ana permiti ya miaka mingi na anataka kumfundisha gari jioni, barabara zikiwa tupu. Atakaa naye mbele, na kibao cha L tutanunua. Je, hiyo si sawa?

Mwalimu wa Uwanjani (Busia)

Dada yangu, si sawa, na nitakueleza bila kuzunguka. Mtu mwenye permiti kukaa pembeni ni sharti la pili. Sharti la kwanza ni umri. La pili haliwezi kuziba nafasi ya la kwanza, hata baba angekuwa dereva wa rais. Mtoto wa 17 akikutwa barabarani ameshika usukani, baba aliyemkabidhi gari naye ana kosa lake, maana sheria inamgusa pia mwenye chombo anayemruhusu mtu asiye na permiti kukiendesha.

Ila mwaka huo mmoja si wa kukaa bure. Mpe kitabu cha kanuni za barabarani azijue alama zote: ile ya pembetatu yenye ukingo mwekundu inaonya, ya duara yenye ukingo mwekundu inakataza, ya buluu inaamuru au inaelekeza. Akipanda gari na baba yake, awe anasema kwa sauti anachokiona: "kuna mtoto kushoto, kuna kona, kuna trela linataka kupita." Baba amsikilize. Na kama mna baiskeli, aiendeshe barabarani upande wake wa kushoto, atoe mkono kabla ya kukata, aangalie nyuma. Kijana aliyezoea kuangalia nyuma akiwa juu ya baiskeli, nikimpata akiwa na 18 namaliza naye nusu ya muda ninaoutumia kwa wengine.

Kijana wa Lugazi

Mzee, nakuheshimu lakini niruhusu nipingane nawe. Nina miaka 19. Nilianza boda nikiwa na 16 baada ya baba kufariki, mimi ndiye mkubwa na nyuma yangu kuna watoto wanne. Ningengoja 18 wangekula nini? Na hiyo permiti, nenda shule ya udereva ulipe, lipa permiti ya kujifunza, lipa kupimwa, lipa permiti yenyewe, siku zote hizo hufanyi kazi. Afande akinikamata nampa kitu kidogo, nikiwa na permiti pia anatafuta kosa jingine. Mimi sijawahi kumwangusha mtu hata mmoja. Ajali haina kinga, ikipangwa imepangwa.

Muuguzi wa Zamu (Mbale)

Naomba nimjibu huyu mdogo wangu, kwa upendo.

Mimi nafanya kazi wodi ya mifupa. Ukiingia asubuhi utaona miguu iliyoning'inizwa kwa mawe na kamba, safu mbili, na ukiuliza mmoja mmoja wengi watakujibu neno moja: boda. Mfupa wa paja ukivunjika mtu hulala wiki nyingi. Yule aliyekuwa analisha watoto wanne ndiye sasa anayeletewa uji na watoto hao wanne. Nimewaona wakija na bakuli baada ya shule, wakiwa na sare.

Na hao ni wa miguu, wanaoongea. Wa kichwa hawaongei. Helmeti iliyofungwa mkanda kidevuni hupunguza hatari ya kufa kwa kiasi cha asilimia 40, na majeraha ya kichwa kwa karibu asilimia 70. Uganda ina kanuni ya helmeti tangu 2004, kwa mwendeshaji na kwa abiria wake. Lakini tunazipokea helmeti zikiwa zimevishwa kwenye kioo cha pikipiki au kwenye kiwiko cha mkono, nzima kabisa, hazina hata mchubuko, na mwenyewe kichwa kimefungwa bandeji.

Usiseme ajali haina kinga, mdogo wangu. Babu zetu walisema hivyo kwa mti ulioanguka na radi iliyopiga. Wewe una breki mbili mkononi na mguuni, una mkanda wa helmeti, una macho. Hizo ni kinga.

Mwalimu wa Uwanjani (Busia)

Dada muuguzi, Mungu akupe nguvu katika kazi hiyo.

Kijana wa Lugazi, pole kwa baba. Sitakulaumu kwa njaa, nami nilianza kwa njaa hiyohiyo. Lakini tuangalie hesabu uliyoiweka. Unasema hujawahi kumwangusha mtu. Taarifa ya polisi ya 2024 ilihesabu watu 5,144 waliokufa katika barabara za Uganda, na mwaka uliotangulia walikuwa 4,806. Hiyo 5,144 ukiigawa kwa siku za mwaka unapata watu 14 kila siku. Wengi ni watu wa pikipiki na watembea kwa miguu, na waendeshaji waliokuwemo humo, hadi jana yake, nao walikuwa hawajawahi kumwangusha mtu hata mmoja.

Kuhusu gharama, nakuunga mkono. Ni nzito kwa mtu anayepeleka hesabu kila jioni kwa mwenye pikipiki. Pale stejini kwetu tumeanza kuchanga kila Ijumaa, na kila zamu mtu mmoja anapelekwa kupata permiti, kama tunavyochangia msiba. Hadi sasa wanane wamepata. Jaribuni na ninyi Lugazi. Kuhusu afande anayeomba kitu kidogo, huyo anafanya dhambi yake, na dhambi yake haifuti pengo lako. Wewe una miaka 19 sasa. Mlango umefunguka tayari. Nenda ukapimwe.

Jirani wa Ng'ambo (Busia, Kenya)

Mwalimu, huku kwetu Kenya sheria inamruhusu wa miaka 16 kupata leseni ya pikipiki ndogo. Kwa hiyo kijana wenu akivuka mita 500 tu ni halali?

Mwalimu wa Uwanjani (Busia)

Ndugu yangu, hiyo ya Kenya ni ya vipikipiki vidogo kabisa, injini isiyozidi cc 50. Boxer ya huyu kijana ni cc 100. Kwa hiyo hata akivuka hajapona. Na daima sheria inayokuhusu ni ya barabara iliyo chini ya magurudumu yako wakati huo.

Afande Mstaafu

Nimetumikia trafiki miaka mingi, Kampala na mikoani, kisha nikastaafu. Naona watu wanauliza utaratibu, basi nieleze kwa mpangilio wake.

Unaanza na shule ya udereva iliyosajiliwa na Wizara ya Ujenzi na Usafirishaji. Msikubali shule ya mtu mwenye gari moja bovu asiyekuwa na karatasi. Unaomba permiti ya kujifunza. Malipo unayaandikisha kwenye tovuti ya URA, mamlaka ya mapato, unapata namba ya malipo, unalipa benki au kwa simu. Unapigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole kwenye kituo cha leseni. Tangu Machi 2021 kazi hiyo inafanywa na kampuni ya uchapishaji wa nyaraka ambayo serikali ni mbia wake, ile iliyopokea kazi kutoka kwa kampuni ya awali, Face Technologies. Kwa hiyo wale mnaoelekezwa na watu kwenye ofisi za zamani mnapotezewa muda. Unapimwa afya, macho zaidi. Unajifunza. Unapimwa na mkaguzi wa magari, alama za barabarani na kuendesha kwenyewe, unapewa cheti cha kufuzu, ndipo unarudi kulipia na kuchukua permiti.

Mambo mawili yanayowashinda wengi. Moja: permiti ya gari si permiti ya pikipiki. Nimewakamata walimu wa shule, mapadri, hata askari wenzangu wa zamani, wana daraja B safi kabisa na wako juu ya pikipiki. Daraja A inapimwa peke yake. Pili: abiria ni mmoja. Mama na watoto watatu wa shule juu ya pikipiki moja ni kosa, hata kama watoto ni wadogo na shule iko karibu. Ndugu zetu wa Tanzania wanaita hiyo mishikaki, na jina hilo linanitia uchungu kila nikilisikia.

Na kuhusu ile permiti ya kununua, ambayo mtu anakuja stejini na kusema leta picha na pesa, wiki ijayo nakuletea. Nikiwa kazini niliwahi kusimama barabarani na kijana aliyekuwa na permiti ya namna hiyo. Nilimwuliza mstari usiokatika katikati ya barabara maana yake nini. Aliangalia chini. Alikuwa amembeba dada yake mwenyewe.

Mkongo wa Nakivale

Aksanti sana papa mwalimu, na papa afande. Mimi ni mkimbizi, natoka Kivu, niko hapa Nakivale tangu miaka kadhaa. Kule nyumbani nilikuwa taximan wa moto, yaani pikipiki, karibu miaka kumi. Nilipofika hapa nilifikiri najua yote. Lakini kwetu tunaendesha kuume na hapa ni kushoto. Wiki ya kwanza, kwenye mzunguko wa Mbarara, mikono yangu ilinipeleka upande wa kwetu, lori likanipigia honi nikasikia joto la injini yake kwenye shavu. Nilishuka, nikakaa chini kwa majani nikatetemeka.

Baadaye nilikwenda kujifunza kama mtu mpya, na kadi yangu ya mkimbizi, nikakubali kufunga kibao cha L nikiwa na miaka 34. Vijana walicheka. Mimi niliwaambia kichwa kinajua, mikono haijui bado. Permiti nilipata. Ninaandika hii kwa sababu hapa kambini watoto wa miaka 14 wanapewa moto ya kubeba maji na mahindi, na wazazi wanasema ni kazi ya ndani ya kambi, si barabara. Ndani ya kambi kuna malori ya chakula.

Mama Rukia (Arua)

Mkongo, maneno yako yamenigusa. Nimemwonyesha baba watoto uzi wote. Amekaa kimya, kisha akasema basi tungoje mwaka. Mtoto amenuna lakini ameanza kusoma alama.

Mwalimu, huyo aliyefika 18 unamfundishaje pale uwanjani? Tuandikie, huenda na huku kuna mtu atafanya hivyo.

Mwalimu wa Uwanjani (Busia)

Nitaandika kama ninavyofanya, si kama ilivyo vitabuni.

Siku ya kwanza injini haiwashwi. Kijana anaisukuma pikipiki kuzunguka uwanja mzima, kushoto kwake kisha kulia kwake, anailaza kidogo na kuiinua. Wanachukia siku hii. Lakini mtu asiyejua uzito wa chombo chake akiwa ameshuka hawezi kuujua akiwa amepanda. Kisha namwambia aiinue ikiwa imelala ubavu. Hapo ndipo wengi wananiuliza hii ina kilo ngapi.

Siku ya pili ni klachi peke yake. Gia ya kwanza, kuachia klachi polepole mpaka pikipiki itake kuondoka, kubana tena. Mara mia. Mafuta hayaguswi. Kijana anayeondoka kwa kushtua hajui klachi yake, na kwenye foleni ya matrela pale mpakani, kushtua mita moja mbele kunatosha kukuweka chini ya tairi.

Breki nazipa siku tatu. Nachora mstari wa chokaa kwenye nyasi, anakuja mwendo wa kukimbia mtu, anasimama kabla ya mstari. Kwanza kwa breki ya nyuma tu, aone inavyoburuta na kusogea mbali. Kisha ya mbele tu, kwa vidole viwili, pikipiki ikiwa imenyooka, aone ilivyo na nguvu. Sehemu kubwa ya nguvu za kusimama iko mbele. Kisha zote mbili pamoja. Mwisho tunatoka kwenye nyasi tunakwenda kwenye kipande cha marramu kilicho nyuma ya goli, na huko namwonyesha jinsi gurudumu la mbele linavyoteleza ukibana umekata kona. Namwonyesha kwa mwendo wa kutembea, mimi nikikimbia pembeni nimeshika kiti. Siku hiyo nawahadithia habari ya mama wa dagaa. Kila kundi huwa nalihadithia.

Baadaye ni namba nane kati ya mawe mawili, macho yakiangalia unakokwenda na si gurudumu. Kugeuza kichwa nyuma begani kabla ya kuhama upande, kwa sababu kioo kina sehemu kisichoiona, na pikipiki nyingi za kwetu kioo kimoja kimeshavunjika. Kutokupita lori kwa upande wa kushoto kamwe, kamwe, maana dereva wa trela hakuoni huko na akikata utakuwa katikati ya magurudumu.

Na kabla ya abiria wa kwanza, tunafunga gunia la posho (unga wa mahindi) la kilo 50 kwenye kiti cha nyuma. Afanye breki zilezile za mstari wa chokaa. Kila kijana anapitiliza mstari mara ya kwanza, kila mmoja. Anageuka kuniangalia, na mimi namwambia: ulichozoea jana ukiwa peke yako, leo hakitoshi. Gunia likianguka tunalifunga upya. Posho haivunjiki bega.

Barabarani tunatoka akishapata permiti ya kujifunza, kibao cha L kimefungwa, asubuhi na mapema Jumapili kabla malori hayajaanza kuondoka, mimi nikiwa nyuma yake na pikipiki yangu.

Kijana wa Lugazi

Mzee, hilo la gunia sijawahi kulisikia. Leo nilijaribu na gunia la mkaa. Nilipitiliza.

Nimeuliza bei ya permiti hapa kwetu. Nimemwomba mwenyekiti wetu tuanze mchango kama wenu. Amesema tutakaa Jumatatu.

Muuguzi wa Zamu (Mbale)

Tuletee habari ya Jumatatu hapahapa, usisahau. Na ufunge mkanda wa helmeti.

Mjomba

Mimi ndiye mjomba mwenye ile Boxer. Nimeletewa uzi huu na jirani. Nilikasirika niliposikia mtoto wangu amerudishwa stejini mbele ya watu, na nilimtumia mwalimu ujumbe mbaya, ambao yeye hakuuweka hapa, namshukuru kwa hilo. Mkopo wa pikipiki unadai kila wiki. Nilifikiri nimemsaidia kijana, mama yake ni mgonjwa. Sikujua kuwa na mimi ningekuwa na kosa kwa kumpa funguo. Mwalimu, nikae nayo nyumbani miaka miwili au nifanye nini?

Mwalimu wa Uwanjani (Busia)

Mjomba, karibu, na yaliyopita yamepita. Usiiweke nyumbani, mkopo hausubiri. Kuna kijana wa miaka 26 hapa stejini, ana permiti ya daraja A, pikipiki aliyokuwa akiendesha imerudi kwa mwenyewe. Njoo kesho saa mbili tukae na mwenyekiti, muandikiane mbele yetu. Hesabu ya kila siku igawanywe: sehemu ilipe mkopo, sehemu iende kwa mama mgonjwa. Mtoto wako aje na wewe, asikie kila neno.

Mwalimu wa Uwanjani (Busia)

Narudi baada ya mwezi, maana wengi wameniuliza kwa ujumbe wa pembeni.

Waliandikiana. Pikipiki inafanya kazi na mkopo haujakatika hata wiki moja. Kijana tumempatia baiskeli ya marehemu baba yangu, nimeibadilisha tairi na mnyororo; anapeleka mikate ya tanuri la hapa mjini kwa maduka kila alfajiri, na analipwa. Jumapili anakuja uwanjani. Hagusi pikipiki ikiwa imewashwa, hayo ni makubaliano yetu, lakini anachora mstari wa chokaa, anafunga gunia, na alama za barabarani ameshazijua kuliko nusu ya wanafunzi wangu.

Jumapili iliyopita tulimaliza, nikawasha pikipiki nirudi nyumbani. Nilikuwa nimechoka, nikatoka langoni kuingia barabarani. Alikuwa amesimama na baiskeli yake, akaniita kwa sauti:

"Mwalimu, hukugeuza kichwa."

Nilisimama. Nikarudi nyuma hadi langoni, nikageuza kichwa, nikaangalia begani, ndipo nikaondoka.

Lugazi, Jumatatu ilikwendaje?

Kijana wa Lugazi

Tumeanza mchango, mzee. Jina langu ni la tatu kwenye orodha.